Mbio Zisizokuwa na Uwanja: Njia ya Safari Rally tangu 1953

Mashindano mengi ya magari yaliyojijengea jina duniani hutambulika kwa mahali yanapofanyika: Monaco ina mitaa yake iliyobanwa kati ya mlima na bahari, Le Mans ina mzunguko unaochanganya barabara za kawaida na njia zilizojengwa kwa ajili ya mbio, na Nürburgring ina lami yake iliyopindapinda msituni. Mbio za Safari, ambazo kwa takriban nusu karne zilihesabiwa miongoni mwa mashindano magumu kuliko yote, hazikuwa na mahali pa namna hiyo. Uwanja wake ulikuwa barabara ile ile iliyotumiwa na basi la abiria, lori la mizigo, mchungaji na ng'ombe wake na mtoto anayetoka shule, na barabara hiyo haikufungwa ili washindani wapite. Ndiyo maana historia ya Safari haielezeki vizuri kwa orodha ya washindi peke yake. Inabidi ifuatwe njia yenyewe, ilikopita na ilikoacha kupita, kwa kuwa mara nyingi njia ilipobadilika kulikuwa na jambo kubwa zaidi lililobadilika katika siasa, katika fedha au katika mitambo.

Chanzo cha mbio hizo ni kuchoshwa na uwanja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walowezi wa Kizungu nchini Kenya waliopenda mbio walikuwa na mzunguko wao mdogo ulioitwa Langa Langa, karibu na Gilgil katika Bonde la Ufa, na Eric Cecil, mmoja wa waliosimamia mashindano ya magari katika koloni hilo, alijaribu kumshawishi jamaa yake, Neil Vincent, ashiriki huko. Vincent, kama inavyosimuliwa, hakuona raha yoyote ya kuzunguka mahali pamoja siku nzima, akasema kwamba angekubali tu kama angeruhusiwa kupanda gari lake, akakata sehemu kubwa ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika nyumbani akawa mshindi. Cecil aliichukua kauli hiyo kwa uzito kuliko pengine msemaji mwenyewe alivyokusudia, na sababu ya kuitekeleza ikapatikana katika sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II mnamo Juni 2, 1953. Kuanzia Mei 27 hadi Juni 1 mwaka huo yakafanyika mashindano ya kwanza, yaliyopewa jina la Safari ya Kutawazwa ya Afrika Mashariki, yakipita katika koloni la Kenya na nchi lindwa ya Uganda pamoja na Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza.

Wakati huo Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa ajili ya kupambana na Mau Mau, na Waafrika wengi, hasa Wakikuyu, hawakuweza kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali. Kwamba katika nchi hiyo hiyo kundi dogo la watu liliweza kuendesha magari usiku na mchana kwa ajili ya kujiburudisha, likivuka mipaka mitatu kana kwamba haipo, ni jambo ambalo masimulizi mengi ya Safari hulipita kimya, ilhali ndilo linaloeleza mbio hizo zilizaliwa zikiwa mali ya nani. Neno la kutawazwa liliondolewa katika jina mnamo 1960, uhuru ukiwa umekaribia, na kwa karibu miaka kumi na mitano iliyofuata mashindano yakajulikana kama Safari ya Afrika Mashariki.

Kanuni za mwanzo zilikuwa nyepesi na zenye busara ya kibiashara. Magari yalitakiwa kuwa ya kawaida, kama yalivyouzwa dukani, na yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei na si ukubwa wa injini, hivyo mnunuzi aliyesoma matokeo gazetini aliweza kujua papo hapo ni gari lipi la kiwango cha mfuko wake lililostahimili barabara zake. Mwaka 1953 hapakuwa hata na mshindi mmoja wa jumla. Kila kundi lilikuwa na wake. Ushindi ulihesabiwa kwa adhabu. Njia nzima, iliyoweza kufikia maelfu ya kilomita, ilikatwa kwa vituo vya ukaguzi ambapo kadi ya muda ya kila gari ilipigwa muhuri. Muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine uliwekwa na waandalizi, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa alama ya adhabu, kiasi kwamba aliyeshinda hakuwa lazima mwenye mbio nyingi kuliko wote bali yule aliyechelewa kidogo kuliko wote. Ndani ya gari walikaa wawili, na wakati mwingine watatu: dereva na mwelekezi, yaani msaidizi anayesoma ramani, kupiga hesabu ya muda na kumtajia dereva kona, daraja au mtaro ulio mbele kabla macho yake hayajauona.

Muda uliowekwa baina ya vituo ulionekana mwingi kwenye karatasi, na katika kiangazi ungeweza kuwa mwingi kweli. Kilichoufanya uwe mchache ni kalenda. Mashindano yalihamishiwa sikukuu ya Pasaka, ambayo huangukia wakati masika yanaanza kushika kasi, na kwa hiyo gari lile lile lingeweza kupambana na vumbi la kukaba koo mchana na kufukiwa na matope usiku wa siku hiyo hiyo. Mtihani mkubwa ulikuwa udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao watu wa bara la Tanzania huuita mbuga: ukikauka hupasuka nyufa na kuwa mgumu kiasi cha kubeba lori, lakini ukinyeshewa huvimba, hunata, hujaza nafasi iliyo kati ya tairi na mbawa ya gari hadi gurudumu linakoma kuzunguka, na kadiri dereva anavyozidisha moto ndivyo gari linavyojichimbia. Mahali penye utelezi wa namna hiyo wanavijiji walikusanyika tangu alfajiri, wakasukuma magari kwa malipo, na haikuwa siri kwamba pale ambapo matope yalipungua, maji yaliweza kuongezwa. Katika mashindano ya 1964 Erik Carlsson wa Uswidi, ambaye gari lake aina ya Saab lilizama katika shimo la matope, alilipindua kwa makusudi kwa kulibingirisha ubavu hadi likafika kwenye ardhi ngumu. Waandishi wa habari walipotilia shaka maelezo yake, alilibingirisha tena mbele yao. Alimaliza wa pili.

Mbali na matope kulikuwa na miinuko. Kingo za Bonde la Ufa zilipandwa na kuteremkwa kwa njia za mawe zisizo na ukuta wa kuzuia, kama ile ya Tambach inayoshuka kuelekea bonde la Kerio na ile ya Magara katika nchi ya Mbulu, juu ya Ziwa Manyara, ambako breki zilipata moto hadi zikaacha kushika. Njia iligusa vilima vya Taita, milima ya Usambara, mashamba ya kahawa kuzunguka Mlima Kenya na, upande wa Uganda, barabara nyekundu za kuelekea Fort Portal chini ya Ruwenzori. Mbio zilipokuwa za nchi tatu, heshima ya kuanzishia na kumalizia haikuwa ya Nairobi peke yake, kwa kuwa Kampala na Dar es Salaam nazo zilipata zamu.

Katika mazingira hayo ujuzi wa mahali ulikuwa na thamani kuliko ujuzi wa kwenda mbio, na matokeo ya miaka ishirini ya kwanza yanaonyesha hivyo bila utata. Kuanzia 1953 hadi 1971 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyewahi kushinda, ingawa viwanda vya Ulaya vilikuwa vikituma mabingwa wao. Vic Preston alishinda 1954 kwa Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe na 1955 kwa Ford Zephyr. Bill Fritschy akashinda 1959 na 1960 kwa Mercedes. Nick Nowicki akashinda 1963 na 1968 kwa Peugeot 404. Na Bert Shankland, Mskoti aliyehamia Tanganyika, akaipatia Peugeot hiyo hiyo ushindi wa 1966 na 1967. Miaka miwili ya Nowicki ndiyo inayotajwa kila wanapokutana wapenzi wa Safari. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakarudi 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, na yakarudi tena 7. Katika mvua za namna hiyo gari lenye nguvu nyingi lilikuwa mzigo tu, na dereva aliyejua kwamba mto fulani hupungua baada ya saa mbili alishinda kwa kukaa na kusubiri.

Aliyeubeba ujuzi huo kuliko wengine ni Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mnamo 1932 katika familia ya Masingasinga, mtoto wa fundi, aliyekulia katika gereji na kisha akafanya kazi ya kuwasaidia barabarani wanachama wa chama cha wenye magari walioharibikiwa. Kazi hiyo ilimfundisha mambo mawili yaliyompa ushindi: barabara zenyewe, na namna gari linavyokufa. Gari aliloshinda nalo 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, ambayo timu ya kiwanda iliiacha Afrika Mashariki baada ya kushindwa mwaka uliotangulia. Alipewa namba moja, akaondoka wa kwanza na kufika wa kwanza, jambo lililomwezesha kukuta barabara ambayo bado haijavurugwa na magari ya wenzake. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na rekodi yake ya kumaliza mbio 19 kati ya 22 alizoshiriki pengine ina uzito kuliko ushindi wote watatu. Wananchi walimwita Simba, na alikuwa miongoni mwa watu wachache wa michezo nchini Kenya ambao majina yao yalijulikana hadi vijiji visivyokuwa na redio.

Mwaka 1972 kinga ya wenyeji ilivunjika, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda kwa Ford Escort. Hakuwa na uzoefu wa miaka mingi wa barabara hizo. Alichokuwa nacho ni timu ya kiwanda iliyowapa madereva wake wiki za kupita njia nzima kabla ya mashindano na kuandika kila kona katika daftari, iliyotawanya mafundi na vipuri njiani, na iliyokuwa tayari kubadilisha springi na giaboksi kwa muda ambao dereva wa kawaida angetumia kunywa chai. Ujuzi uliokuwa kichwani mwa mwenyeji ukawa umeandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kununuliwa. Mwaka uliofuata Safari iliingizwa katika Mashindano ya Dunia ya mbio za magari yaliyoanzishwa wakati huo, ikiwa moja ya duru zake, na kuanzia hapo mashindano ya viwanda yakazidi kuyafunika mashindano ya watu.

Viwanda vya Japani ndivyo vilivyoelewa mapema kuliko vingine faida ya jambo hilo. Nissan ilileta Bluebird zake kwa mara ya kwanza mnamo 1963, zikashindwa, ikaendelea kurudi hadi Edgar Herrmann alipoipatia ushindi wa 1970 na 1971 kwa magari ya Datsun. Mwaka 1969 Japani ilikuwa imekwisha kutengeneza filamu ndefu iliyojengwa juu ya Safari, Ishihara Yujiro akiigiza kama dereva. Kampuni zilichokuwa zikinunua Nairobi ni ushahidi: mkulima wa Nyeri au mfanyabiashara wa Mwanza hakuhitaji maneno ya tangazo ikiwa aliona kwa macho yake Datsun au Peugeot ikitoka kwenye matope na kuendelea. Peugeot 504, iliyoshinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson na tena 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas, ilibeba abiria kati ya miji ya Kenya kwa miaka mingi baadaye kwa jina la Pijo, na ni vigumu kutenga sifa iliyotoka kwenye mbio na ile iliyotoka kwenye uimara wa springi zake.

Wakati fedha zikiingia, njia ilikuwa ikifupika. Mapinduzi ya Idi Amin ya 1971 na kufukuzwa kwa Waasia mwaka uliofuata kuliitoa Uganda katika hesabu, uhusiano wa Kenya na Tanzania ulizidi kuharibika hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wao kufungwa mnamo 1977, na kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1970, Safari ilikuwa imekwisha kuwa ya Kenya peke yake na kupoteza maneno Afrika Mashariki katika jina. Maisha ya Shekhar Mehta yanaeleza kipindi hicho kuliko ramani. Alizaliwa Uganda mnamo 1945 katika ukoo mashuhuri wa wenye mashamba ya miwa na viwanda vya sukari, akalazimika kuondoka pamoja na Waasia wengine mwaka 1972, akahamia Kenya na mwaka 1973 akashinda Safari kwa Datsun 240Z, baada ya kufungana kwa alama na Harry Källström na kupewa ushindi kwa kuwa alikuwa amekwenda umbali mrefu zaidi bila adhabu. Alishinda tena mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, rekodi ya ushindi mara tano ambayo haijafikiwa na mtu mwingine.

Safari ya miaka ya 1980 ilikuwa vita vya fedha. Helikopta iliruka mbele ya gari ikiwaonya madereva kwa redio kuhusu ng'ombe, basi au umati uliosimama barabarani. Ndege nyingine zilibeba vipuri. Magari yalifungwa vyuma vizito mbele vya kuzuia wanyama na mabomba yaliyopandishwa hadi juu ya paa ili injini ivute hewa hata gari likiwa mtoni. Jambo la kufurahisha ni kwamba bado barabara ilikuwa na kauli ya mwisho. Audi ilileta magari yake yaliyoendeshwa na magurudumu yote manne, yaliyokuwa yakitawala kwingineko, na Michèle Mouton wa Ufaransa akamaliza wa tatu kwa gari hilo 1983, nafasi ile ile aliyoipata mwanamke mwingine, Pat Moss wa Uingereza, kwa Saab mnamo 1962; lakini kuanzia 1984 hadi 1986 ushindi ulikwenda kwa Toyota Celica iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kwa sababu ilikuwa na vitu vichache vya kuvunjika. Björn Waldegård wa Uswidi, aliyeshinda mara mbili kwa gari hilo, alishinda kwa mara ya nne mnamo 1990 akiwa na miaka 46.

Waafrika weusi, ambao miaka yote hiyo walikuwa ndio umati, wasukumaji na mafundi, walichelewa sana kufika kwenye usukani, na sababu haikuwa kipaji bali bei ya gari, vipuri na muda. Patrick Njiru alipomaliza wa nne mnamo 1994 kwa Subaru, katika mbio ambazo Mkenya mwenzake Ian Duncan alizishinda kwa Toyota, Safari ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini.

Kilichoiondoa katika Mashindano ya Dunia baada ya 2002, mwaka ambao Colin McRae wa Uskoti alishinda kwa Ford Focus, ni sifa zile zile zilizoipatia jina. Barabara iliyo wazi kwa umma haikupatana tena na kanuni za usalama, umbali mrefu haukupatana na televisheni iliyotaka mikondo mifupi inayorudiwa, na timu zilinung'unika kujengea gari maalumu kwa ajili ya duru moja tu ya mwaka. Kwa karibu miongo miwili mbio ziliendelea kama duru ya Mashindano ya Afrika, kwenye njia fupi zilizofungwa.

Ziliporudi katika ngazi ya dunia mnamo Juni 2021, baada ya janga la korona kuzuia marejeo yaliyopangwa 2020, zilikuwa mbio nyingine zenye jina lile lile. Mikondo 18 yenye jumla ya kilomita 320 hivi, sehemu kubwa ikiwa ndani ya mashamba na hifadhi kuzunguka Naivasha na Elmenteita, ilichukua nafasi ya maelfu ya kilomita, na kila mkondo ulifungwa kwa watumiaji wengine. Hata hivyo ardhi haikubadilika sana: huko Kedong magari yalizama katika vumbi laini kama unga, na Thierry Neuville wa Ubelgiji, aliyekuwa akiongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, aliishia njiani kwa kuvunjika shokapu, akamwachia ushindi Sébastien Ogier wa Ufaransa. Mwaka 2022 Toyota zilichukua nafasi nne za kwanza, na mwaka 2024 mashindano yakarejeshwa Pasaka. Kati ya vijana Wakenya walioibuka katika kipindi hiki yumo McRae Kimathi, ambaye baba yake, Phineas Kimathi, aliyewahi kuwa msimamizi wa mbio hizo, alimpa jina la yule Mskoti. Mnamo Februari 2022 kijana huyo alikwenda kushindana Uswidi, juu ya theluji.

Njia ndefu nayo haikufa kabisa. Tangu 2003 yamekuwapo mashindano ya magari ya zamani, yanayotumia aina zilizoshindana enzi za mwanzo na yanayoweza kuvuka mpaka kutoka Kenya kuingia Tanzania, jambo ambalo mbio zenyewe ziliacha kulifanya katika miaka ya 1970. Humo Porsche 911, gari ambalo halikuwahi kushinda Safari halisi licha ya kumaliza la pili 1974 mikononi mwa Waldegård na tena 1978 mikononi mwa Vic Preston mdogo, limeshinda zaidi ya mara moja. Na ushindi wa 2011 aliupata Waldegård mwenyewe, akikaribia umri wa miaka 70, mwanawe Mathias akiwa mwelekezi.